Mapitio ya kozi ya kuchora hadithi kwa rangi za mafuta: masomo matano kabla ya brashi

Kwa miezi minne nimefuata kozi ya mtandaoni inayofundishwa na mchoraji wa vitabu mwenye uzoefu mrefu, ambaye humchukua mwanafunzi kutoka kwenye wazo lisilo na umbo hadi kwenye picha moja kamili ya rangi za mafuta inayosimulia kisa. Nasisitiza kwamba picha ni moja, kwa sababu kozi nyingi nilizopitia awali zilinipa mazoezi ya tunda, chungu na kitambaa, kisha zikaniacha hapo, nikiwa najua kuchora mikunjo ya kitambaa lakini sijui nimfanye nini mtu aliyekivaa. Kozi hii ina masomo tisa, na katika matano ya kwanza hakuna rangi inayofunguliwa. Mtu aliyejiandikisha kwa hamu ya kushika brashi atayaona masomo hayo kuwa ucheleweshaji, kama nilivyoyaona mimi katika wiki ya kwanza. Leo nayahesabu kuwa sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu hasa ya kuandika mapitio haya.

Somo la kwanza linahusu chanzo cha mawazo. Mwalimu hazungumzii msukumo kama kitu kinachomshukia msanii akiwa amekaa kukingoja. Anauchukulia kama mavuno ya kazi ya kila siku. Zoezi lake ni rahisi kulieleza na gumu kulitimiza: kwa wiki mbili, kila siku, mwanafunzi anaandika sentensi moja kuhusu jambo lililotokea kati ya watu wawili, awe ameliona, amelisikia au amelikumbuka, na sentensi hiyo lazima ionyeshe mtu anayetaka kitu na kitu kinachomzuia. Kuchora hakuruhusiwi. Siku tatu za mwanzo niliandika mambo ambayo hayakuwa visa, kama vile mwanga mzuri wa jioni juu ya ukuta, na nilipoyatuma mwalimu alinijibu kwamba hayo ni mandhari, wala hayana swali ndani yake. Baada ya wiki mbili mtu anasoma orodha yake na kuchagua sentensi ambayo bado inamsumbua. Iliyonisumbua mimi ilitoka utotoni, nayo ilisema: mtoto amevunja taa ya baba yake na sasa anasikia hatua za mtu mlangoni.

Somo la pili na la tatu, ambayo yanapaswa kutazamwa kwa pamoja, yanahusu uteuzi wa nukta ya wakati. Mwandishi wa hadithi anaweza kuanza na taa ikiwa nzima, akaivunja, akamleta baba, akamaliza na msamaha au adhabu. Mchoraji ana nukta moja tu, na kila kilichotangulia na kitakachofuata lazima kibebwe na nukta hiyo. Mwalimu anaanzia kwa Howard Pyle, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1853, ambaye mwaka 1900 alifungua shule yake ya wachoraji wa vitabu na magazeti mjini Wilmington, Delaware. Pyle aliwafundisha wanafunzi wake kwamba watu walionaswa katikati ya kitendo cha nguvu huonekana kama waigizaji jukwaani, na kwamba kani ya kweli hukaa katika muda mfupi kabla ya tendo au mara baada yake, wakati ambapo mtazamaji analazimika kukikamilisha kisa mwenyewe. Aliwataka pia waingie ndani ya picha kwa mawazo, waishi humo, wahisi baridi ya chumba na uzito wa nguo kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Mfano ambao mwalimu anautumia kulithibitisha jambo hili umenikaa kichwani tangu siku nilipouona. N. C. Wyeth, aliyekuwa mwanafunzi wa Pyle, alichora mwaka 1911 picha za toleo la Treasure Island, riwaya ya Robert Louis Stevenson kuhusu maharamia na hazina, na mojawapo inamwonyesha kijana Jim akiondoka nyumbani na kifurushi chake, huku nyuma yake mama akifuta machozi. Maandishi ya kitabu yanapita juu ya kuagana huko kwa maneno machache sana, na machozi ya mama hayamo. Wyeth hakushindana na mwandishi pale alipokuwa na nguvu, penye mapanga na bahari. Aliingia pale ambapo maandishi yalipita haraka, akatia uzito ambao maneno hayakuutia. Nimesoma ushauri mwingi kuhusu uhusiano wa picha na maandishi, na sijawahi kukutana na uliokuwa wazi zaidi ya mfano huu mmoja.

Zoezi linalofuata linadai michoro midogo ishirini ya kisa kimoja, kila mmoja ukiwa na ukubwa usiozidi kiganja, na kila mmoja ukiwa na nukta tofauti ya wakati au mahali tofauti pa kusimama mtazamaji. Michoro yangu sita ya kwanza ilionyesha taa ikianguka, na yote ilikuwa na kelele bila hofu. Mitatu ilimwonyesha baba akiwa ameinua mkono, na hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimelijibu swali badala ya kuliuliza. Katika mchoro wa kumi na nne mtoto amepiga magoti, vipande vya kioo viko mbele yake, na uso wake umegeukia mlango ambao bado haujafunguka wote. Nilimtumia mwalimu huo. Jibu lake lilikuwa swali moja: kama taa imevunjika na ni usiku, mtoto huyu anaonekana kwa nuru ipi?

Swali hilo ndilo lililoifanya picha. Nilikuwa nimechora chumba kilichoangazwa na mwanga usio na chanzo, kama wanavyofanya wengi wanaofikiri kwamba nuru huongezwa mwishoni ili kupendezesha. Nuru pekee iliyowezekana ilikuwa ile inayoingia na baba kupitia mwanya wa mlango, na mara nilipoikubali, mambo mengine yote yalijipanga: mstari mwembamba wa mwanga sakafuni, kivuli cha mtu asiyeonekana kikiukata mstari huo, vipande vya kioo vikimeta upande mmoja tu, na nusu ya uso wa mtoto ikiwa gizani. Baba alitoka kwenye picha na wakati huohuo akawa mkubwa zaidi ndani yake.

Ili kuonyesha kwamba nuru inaweza kuwa mhusika, mwalimu anachambua kazi mbili ambazo kila mtu amewahi kuziona mahali fulani, lakini anazichambua kwa namna inayozifanya mpya. Katika Wito wa Mtakatifu Mathayo, uliochorwa na Mwitaliano Caravaggio mwaka 1599 na 1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, mwanga unaingia kutoka kulia ukifuata mwelekeo wa mkono wa Kristo, kiasi kwamba wito wenyewe unaonekana ukisafiri hewani hadi kwenye meza ya kuhesabia pesa alipokaa Mathayo, mtoza ushuru. Katika Karamu ya Belshaza, mfalme wa Babeli katika Biblia, iliyochorwa na Mholanzi Rembrandt miaka ya 1630, herufi zilizoandikwa ukutani ndizo zinazoangaza, na mfalme anageuka kwa mshtuko huku divai ikimwagika. Ukiiondoa nuru ile, kinachobaki ni mtu aliyevaa vizuri akigeuka mezani. Mwalimu anazigeuza picha zote mbili kuwa za kijivu, kisha anazipunguza hadi toni tatu, ya giza, ya kati na ya mwanga, na bado kisa kinasomeka. Tangu hapo kila mchoro wangu mdogo naupima hivyo.

Somo la nne, la mpangilio wa picha, ni zuri ingawa mwalimu analikimbiza. Kiini chake ni picha ya Mrusi Ilya Repin iitwayo Hawakumtarajia, aliyoifanyia kazi kuanzia mwaka 1884 hadi 1888, ambayo sasa iko katika Jumba la Sanaa la Tretyakov mjini Moscow. Mtu aliyerudi kutoka uhamishoni anaingia sebuleni bila taarifa. Mwanamke mzee anainuka kitini, mvulana anachangamka, msichana mdogo anamtazama kama mgeni. Repin aliuchora upya uso wa mtu huyo zaidi ya mara moja, kwa sababu maana ya chumba kizima ilibadilika kila uso huo ulipobadilika. Mwalimu anaongeza jambo ambalo sikulitarajia katika kozi ya sanaa: mwanasayansi Alfred Yarbus aliitumia picha hii hii katika utafiti wake kuhusu mwendo wa macho, akarekodi jinsi macho ya mtazamaji mmoja yalivyofuata njia tofauti kila alipopewa swali tofauti, ama akadirie umri wa watu, ama hali ya mali ya familia, ama muda ambao mgeni alikuwa hayupo. Funzo kwa mchoraji ni kwamba jicho halivutwi na mistari na rangi peke yake. Huvutwa na kile linachotaka kujua. Kwa hiyo mwalimu anatuagiza tuandike, pembeni ya kila mchoro, swali ambalo mtazamaji atajiuliza kwanza, na tuhakikishe kwamba jibu au dalili ya jibu iko mahali ambapo jicho litakwenda kulitafuta. Nilitamani somo hili lingekuwa na urefu maradufu.

Kasoro ya kwanza kubwa iko katika somo la tano, linalohusu watu wanaokaa ili wachorwe na picha za kamera. Mwalimu anaeleza vyema desturi ya Norman Rockwell, mchoraji wa Marekani, ambaye kuanzia katikati ya miaka ya 1930 aliwapanga watu mbele ya kamera na kuwaelekeza kama mwongozaji wa mchezo, kisha akachora mchoro wa mkaa wenye ukubwa kamili na jaribio dogo la rangi kabla ya kugusa turubai. Anatuhimiza tufanye vivyo hivyo, na hapo anaishia. Hasemi kwamba kamera hulidanganya jicho la mchoraji: kivuli ambacho jicho linakiona kikiwa na joto na rangi ndani yake, kamera mara nyingi hukigeuza kuwa weusi mtupu, na lenzi iliyo karibu mno hukuza mkono au pua isivyo kawaida. Nilimpiga picha mtoto wa jirani akiwa amepiga magoti, kwa ruhusa ya wazazi wake, nikaifuata picha kwa uaminifu, na nikapata kivuli kisicho na uhai ambacho baadaye kilinigharimu wiki mbili za kusahihisha. Tiba niliigundua mwenyewe: nilizima taa za chumba, nikaacha mlango wazi kidogo, nikakaa humo na mkaa na karatasi hadi macho yalipozoea giza, na nikaona kwamba sakafu ilikuwa ikiurudisha mwanga wa kahawia chini ya kidevu. Saa moja ya kutazama hivyo ilinifaa kuliko picha arobaini za kamera, na sioni kwa nini zoezi kama hilo halimo kwenye kozi. Vilevile, somo halisemi lolote kuhusu mwanafunzi anayetumia picha iliyopigwa na mtu mwingine, ingawa kwa yeyote anayekusudia kuchapisha kazi yake suala la haki za mpiga picha ni la lazima.

Somo la sita, la jaribio dogo la rangi, linatimiza linachoahidi, na sina la kuongeza.

Somo la saba ni la matabaka ya rangi, na hapa mwalimu anarudi kwenye ubora wake. Anaanza kwa kufafanua jambo ambalo wachoraji wengi hulijua nusunusu: rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo hushika oksijeni ya hewani na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu, na ndiyo maana tabaka nene linaweza kuwa kavu juu na bichi chini kwa muda mrefu. Kutokana na hilo inafuata kanuni ya zamani ya kuweka tabaka lenye mafuta mengi juu ya lenye mafuta machache, kwa kuwa tabaka la juu likikauka na kukakamaa kabla ya la chini, litapasuka. Anatueleza pia kwa nini wachoraji wengi huanza na amba, ile kahawia ya udongo: manganizi iliyomo ndani yake huharakisha ukaukaji, kwa hiyo tabaka la kwanza linakuwa tayari mapema kupokea linalofuata, tofauti na nyeusi ya mifupa, ambayo hukawia. Maelezo haya yameunganishwa na kisa cha picha kwa ustadi. Tabaka la amba ndilo linaloamua giza na nuru ya tukio zima, na mwanafunzi anaambiwa asiongeze rangi nyingine hadi mtu mwingine aitazame picha ile ya kahawia na aweze kueleza kinachotokea. Nilimwonyesha dada yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Ni nani huyo anayekuja?” Nikajua naweza kuendelea.

Hata hivyo, somo hili hili lina pengo ambalo siwezi kulipita kwa upole. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, vikikunjwa na kurundikwa pamoja, hupata joto kutokana na kitendo kilekile cha kushika oksijeni, na vinaweza kuwaka moto vyenyewe bila kiberiti. Mwalimu anaeleza kemia ya ukaukaji kwa dakika kadhaa, anafuta brashi zake kwa vitambaa hivyo mbele ya kamera, anavitupa kwenye ndoo iliyo wazi, na hasemi neno. Mwanafunzi anayechorea chumbani anakolala anahitaji kuambiwa kwamba vitambaa hivyo hutandazwa vikauke kimoja kimoja mahali penye hewa, au hutiwa kwenye chombo cha chuma chenye maji na kufunikwa. Anahitaji pia kuambiwa afungue dirisha anapotumia tapentaini, na asile huku anashika rangi, hasa zenye madini kama risasi au kadimiamu. Niliandika kuomba tahadhari hizo ziongezwe. Nilijibiwa kwa adabu kwamba zitafikiriwa, na hadi ninapoandika haya hazijaongezwa. Kwa kozi inayowapokea watu ambao hawajawahi kufungua chupa ya tapentaini, naliona hili kuwa kosa zito.

Katika somo la nane mwalimu anafundisha nyuso, mikono na kingo, yaani pale ambapo umbo moja linakutana na jingine. Anaonyesha kwamba ukingo mkali huita jicho na ukingo laini huliachilia, na kwamba mchoraji wa visa anaweza kuamua mtazamaji aone nini kwanza kwa kulainisha kila kitu isipokuwa mahali pawili au patatu. Alipoitazama picha yangu katika hatua hii, alinipa maoni ambayo peke yake yalistahili ada yote. Nilikuwa nimeutesa uso wa mtoto kwa siku nyingi, nikitafuta hofu kwenye macho na mdomo, na kila nilipoongeza ndivyo ulivyozidi kuwa kinyago. Aliniambia niuache uso ukae kimya na niuhamishie woga kwenye mkono wa kushoto, ule unaojaribu kufunika kipande kikubwa cha kioo kana kwamba kukificha kutasaidia. Niliukwangua uso kwa kisu cha paleti nikauchora kwa miguso michache, nikaupa mkono ule ukingo mkali kuliko wote pichani, na tukio likasimama.

Kuhusu huduma yenyewe, mwanafunzi hupata maoni ya mwalimu mara nne katika kozi nzima: kwa orodha ya sentensi, kwa michoro midogo, kwa tabaka la amba na kwa picha inayokaribia kukamilika. Maoni huja yakiwa yamerekodiwa, mwalimu akichora juu ya nakala ya kazi yako huku akieleza, na ni ya kina, hayana sifa za kumpendezesha mtu. Tatizo ni muda. Mara mbili nilisubiri zaidi ya wiki mbili, na katika hatua ya rangi mbichi kusubiri kwa namna hiyo kunamaanisha kwamba unachoambiwa ukilainishe kimeshakauka. Sauti za video ni safi, lakini kamera mara kwa mara imewekwa upande ambao mkono wa mwalimu unaifunika ncha ya brashi, na kwa somo la kingo hilo linaudhi. Somo la tisa, la kumalizia na kupaka vanishi, ni fupi mno. Linasema vanishi isipakwe kabla ya miezi sita kupita, jambo ambalo ni sahihi kwa vanishi ya kawaida, lakini halionyeshi namna ya kupaka.

Siwezi kuipendekeza kwa mtu ambaye bado hajui kuchora umbo la binadamu, kwa sababu kozi inachukulia kwamba ujuzi huo upo na haisimami kuufundisha. Kwa mtu anayeweza kuchora, lakini picha zake zinasifiwa kwa uzuri kisha zinasahaulika, sijakutana na kozi nyingine inayolishughulikia tatizo hilo kwa uzito kama huu. Atakayejiunga ninamshauri aitume michoro yake midogo mapema ili kungoja kusimkatishe, alitazame somo la saba kabla ya kununua rangi yoyote, na aandae chombo chake cha chuma kwa ajili ya vitambaa tangu siku ya kwanza. Picha yangu bado imeegemezwa ukutani, tabaka lake la mwisho likiwa bichi kwenye ule mstari wa nuru sakafuni, na vanishi itasubiri hadi mwakani.